Kiini Kipya

Saa kumi na mbili kasoro, Mwaloni, Kirumba.
Dagaa bado wana mchanga machoni,
na mashine ya ushirika imegoma
kwenye mstari mmoja mweupe:
diski haionekani.

Juzi usiku ni mimi niliyebonyeza "ndiyo".
Kiini kipya, iliniahidi, imara kuliko cha jana.
Ilipofika asilimia sitini na kitu, umeme ukakatika,
betri ya akiba ikalia mara tatu kama mbuzi, ikanyamaza,
nami nikafunga mlango, nikaenda kula.

Sasa Mama Nyanjige amesimama nyuma yangu.
Diski haijui. Anajua madeni:
magunia mia mbili arobaini na mawili,
nani alikopa nyavu, nani taa,
nani wa Igombe alilipa nusu, na nusu akaapa.
Yote yamo mle, ndani ya chuma
kisichozidi kitabu cha sala.
Nje, lori la Lubumbashi linanguruma.

Nafungua ubavu wa sanduku.
Wadudu wa ziwani, wale wasiouma,
wamegandia feni kama ukoko wa uji wa ulezi.
Nang'oa waya, naupuliza, naurudisha.
Nahamisha tundu.
Natega sikio kama mkunga:
diski inazunguka, inanong'ona, nzima kabisa.

Nawasha tena. Kwenye ukurasa wa bluu,
kabla kiini hakijaamka,
mashine inabisha hodi chumba kwa chumba.
Kumbukumbu, mwangaluka.
Mwangaluka.
Kibodi, mwangaluka.
Mwangaluka.
Diski, mwangaluka —
na diski inaitika, kwa jina lake na namba zake zote.
Kisha kinaingia kiini,
kinatazama chumba kilekile,
kinasema: humu hamna mtu.

"Kiinimacho," anasema Masalu mlinzi.
Ananishauri niipige kofi ubavuni,
redio ya baba yake ilikuwa hivyohivyo.
Kijana wa mizani anasema imekufa hiyo,
kanunue nyingine Makoroboi.
Haijafa, nasema.
Haijafa. Hawajuani tu.

Ndipo nikakumbuka furushi.
Kila kiini husafiri na kifurushi cha mwanzo,
funguo chache za kufungulia mlango wa kwanza;
mengine yote huyakuta ndani.
Hiki changu kilifungashiwa gizani, nusunusu,
na ufunguo wa diski
umebaki ndani ya diski.
Niliwahi kufanya hivyo kwa miguu yangu, Mabatini:
nikabamiza mlango, nikashuka mawe yote hadi barabarani,
nikapapasa mfuko.

Nashikilia kitufe. Orodha inafunguka.
Mstari wa pili, wa kijivu: kiini cha zamani,
kile nilichopanga kukifuta wiki hii
eti kinajaza nafasi.
Nashuka mshale mmoja.
Nabonyeza.
Hata kupumua nimeahirisha.

Mistari inaporomoka, sijui mingapi,
na katikati yake, kwa herufi ndogo, bila vigelegele:
diski, gigabaiti mia tano,
sehemu tatu.

Majina yakajipanga.
Mama Nyanjige akagusa kioo kwa kidole chenye magamba.
"Huyo. Wa Igombe. Mwiteni."

Nikalifunga furushi upya, mchana kweupe,
nikahesabu funguo, nikahesabu tena,
nikawasha kwa kiini kipya,
naye mgeni safari hii akaona aliyemo.
Cha zamani sikukifuta.
Kipo hapo chini, mstari wa pili, hakidai kitu.

"Ilikuwa nini?" akaniuliza.
"Waya," nikasema.

Akanitazama kitambo,
kama anavyotazama gunia lililoloweshwa kwa makusudi
ili lizidi uzito.
"Waya," akasema.
Akanipimia dagaa kilo mbili, akanifungia kwenye gazeti,
kisha akavuta mtoto wa meza,
akatoa daftari jipya ambalo sijawahi kuliona,
akaandika jina langu, kilo mbili, deni.
Kwa kalamu.