Kopo la Samli

Mwasumini wangu ulikaa eda pamoja nami,
ghorofa ya nne, Michenzani.
Sikukusudia. Pazia nililishusha mie,
na kopo lake la samli lilikuwa pembeni mwa kabati,
pale alipoliweka Makame siku aliyorudi Wete
na kijiti kimoja kwenye gazeti la majimaji.

Miaka miwili, majani.
Majani manene ya chanikiwiti, ya kujivunia,
na tumba hata moja hakuna.
Makame akiinama kila alfajiri kutazama,
akisema, "Bado unawaza,"
kisha akienda zake kazini,
mpaka siku alipokwenda zake.

Nikaulisha. Sikuwa na mwengine wa kumlisha.
Maji ya kuoshea mchele asubuhi,
makapi ya chai mchana,
samadi ya kuku wa Bi Mize, kijiko, kisha viwili.
Ukazidi majani.

Siku ya arubaini na tatu akapanda Shinuna wa ghorofa ya pili,
magoti yanalia kwenye ngazi,
mkono huu mkate wa mofa, huu mkasi wake wa kushonea.
Hakunipa pole. Alishanipa.
Alitia kidole kwenye udongo, akakinusa.
"Shoga, mti huu umeshiba.
Ukishiba, utachanua umtafute nani?"

Akapogoa. Kila tawi theluthi,
juu kidogo ya kifundo, akiulaza mkasi upande.
Nilimshika mkono mara moja.
"Hapa ninapokata ndipo patakapotoka kitu," akasema.
"Maji usiupe mpaka udongo ukauke kidole kizima.
Kopo usilibadilishe, mizizi wache ibanane.
Na jua! Jua la asubuhi mpaka adhana ya adhuhuri,
jua la kuliona, si la kulisikia."

"Nina eda," nikasema.
"Wewe unayo. Mti hauna.
Fungua pazia, kaa kiti cha nyuma."

Nikafungua kiasi cha kopo.
Nikaliona jengo la pili, foronya zinakauka,
mtoto anapiga mswaki roshani, anatema chini, anachungulia.
Kila siku nikaligeuza kopo robo,
mti usije ukapinda shingo.
Majani ya chini yakawa manjano, yakaanguka.
Nilidhani nimeua.
Nikaomba radhi, sijui kwa nani.

Siku ya mia na kumi na tisa, tumba.
Dogo, kama punje ya mchele.
Nililihesabu mara tatu, na lilikuwa moja.

Likafunguka magharibi, saa ya kuwasha taa.
Na mie sijifukizi udi, sijitii mafuta mazuri,
zimebaki siku zangu.
Sikulichuma. Sikulisogelea.
Niliondoka nikakaa jikoni,
nikafunga mlango.

Harufu ikanifuata.
Ikapita chini ya mlango polepole,
kama yeye alivyokuwa akirudi usiku,
viatu mkononi,
asiniamshe.