Sudusi ya Moli

Ndama wa mama alijilaza bondeni, nyuma ya migomba,
pale maji yanapochemka bila moto,
na asubuhi hakuinuka.
Hakuwa na jeraha. Ulimi ulikuwa safi.
Umande ulikuwa bado umemkalia mgongoni.

Mama alisimama palepale, akapumua vizuri,
akatazama ng'ambo ya mfereji, kwa Mama Lwitiko,
akasema neno moja: "Sumu."
Tangu siku hiyo hatukuazimana hata chumvi.

Nilikuwa kidato cha tano, Tukuyu.
Mwalimu Mwakalobo ubaoni, na kipande chake cha mwisho cha chaki:
kanieneo mara ujazo
ni sawa na moli mara namba isiyobadilika mara jotoridi.
"Hii ni ya gesi kamilifu," alisema, kisha akacheka.
"Gesi kamilifu haipo. Hata jirani kamilifu hayupo.
Lakini hesabu lazima ianzie mahali."

Barometa ya maabara niliiazima kwa kiapo,
nikaizungushia sweta.
Jumamosi, katika mvua ile nyembamba ya kwetu
isiyojua kurudi kwao,
nikajaza maji dumu la lita tano,
nikaliinamisha kichwa chini juu ya chemchemi.
Viputo vikapanda, vikayafukuza maji.
Mdogo wangu Ambakisye alihesabu kwa saa ya simu:
sekunde ishirini.
Tena, ishirini.
Tena, ishirini na moja, akadai kidole kimeteleza.

Kitabu kinasema moli moja ni lita ishirini na mbili nukta nne.
Kitabu hicho hakijapanda Uporoto.
Kiliandikiwa usawa wa bahari na baridi ya barafu.
Huku hewa ni nyepesi; maharage yanajua,
ndiyo maana yanachelewa kuiva.

Barometa: themanini na sita nukta saba.
Toa fungu la mvuke wa maji, maana nao ulikuwemo dumuni,
tatu nukta sita.
Nyuzi ishirini na saba zikawa kelvini mia tatu.
Nikazidisha, nikagawanya, nikafuta mpaka karatasi ikatoboka,
hadi ikabaki sifuri nukta moja sita saba:
sudusi ya moli,
kama fungu la mirathi ya mtu asiye na jina.

Mara arobaini na nne: gramu saba na kitu kwa dumu.
Madumu matatu kwa dakika.
Kwa siku, kilo thelathini na moja,
debe na nusu la viazi
linamwagwa bondeni kila siku ya Mungu
na hakuna anayemwona mmwagaji.

"Hewa ya kawaida ni ishirini na tisa," nilimwambia mama,
"hii ya ukaa ni arobaini na nne. Nzito haipandi.
Usiku usio na upepo inatulia kama maji kwenye bakuli.
Wewe ulisimama. Ndama alilala."

Moli hakuielewa. Debe alilielewa.
Alikaa muda mrefu
akimenya viazi ambavyo vilikuwa vimeshamenywa.

Siku ya pili alikata mkungu wa ndizi,
akajitwika mwenyewe, akavuka mfereji,
mimi nyuma yake na karatasi yangu yenye tundu.
Hakusema samahani. Alisema,
"Huyu mtoto ana hesabu."
Mama Lwitiko akaishika karatasi kichwa chini,
akazitazama tarakimu kama mtu anayehakiki chenji,
kisha akauliza mambo mawili:
debe hilo likitiwa kwenye mitungi, bei yake ni ngapi?
Na kuku wake wanne, wale wa mwaka juzi, je?

Nikafungua ukurasa mpya.
Kuku ni mfupi kuliko ndama.
Nikaanza na urefu.