Mfuko wa Vipisi

Kila Jumatatu huja na mfuko wa plastiki
umepigwa fundo, kama mtu anayebeba
samaki wa mapambo kutoka dukani.
Ndani mna vipisi sabini na vinne.
Navihesabu mbele yake kwa koleo,
naye ananitazama mikono
kama mteja amtazamavyo muuza nyama.

"Sabini na tano," asema Lorna Thibault.
"Kimoja kilizama kwenye theluji
nyuma ya hoteli, tunapomwaga maji ya ndoo.
Ukikitaka, ngoja Aprili."
Naandika: sabini na nne.
Kisha pembeni, kwa penseli: Aprili.

Sigara tunampa sisi. Boksi jeupe lisilo na jina,
herufi moja, tarakimu tatu.
Hajui zina nikotini kiasi gani.
Mimi pia sijui. Inayojua ni kompyuta
iliyofungiwa ghorofa ya tatu,
na yenyewe haivuti.

Shika pumzi, namwambia. Sasa puliza.
Analimiminia bomba la karatasi wiki nzima:
mashuka ya wageni, klorini, zamu mbili mfululizo,
kidonge cha kuyeyusha chini ya ulimi
anachokifuata kliniki kila alfajiri
asije akarudia kilichomuua kaka yake.
Mashine inasoma: kumi na tisa.
Mengine yote haina pa kuyaweka.

Swali la thelathini na moja.
Pakiti ikiuzwa dola arobaini,
utavuta sigara ngapi kwa siku?
Anacheka mpaka anakohoa.
"Nitavuta za Orrin."
Na Orrin akikataa?
"Basi itabidi anioe."
Natafuta kisanduku cha jibu hilo. Hakipo.

Siku moja aliweka kidole kwenye jalada la fomu,
pale palipoandikwa: watu walio wanyonge.
"Mnyonge hapa nani? Mimi nageuza magodoro
kumi na sita kwa siku."
Nikamwambia ni wale ambao duka huwafikia kwanza
na sheria huwafikia mwisho.
Akahesabu kwa vidole: kutoka kituo cha basi
hadi mlango wa kliniki, maduka matatu ya tumbaku,
na bango moja lililobandikwa chini,
usawa wa macho ya mtoto.
"Hapo sawa," akasema. Akatia saini.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.
Methali hii huniamsha usiku.
Sisi wenye koleo na daftari
tumesimama wapi ndani yake:
tumeshika haki,
au tumeshika kamba?

Wiki ya kumi, vipisi thelathini na kimoja.
Alisema kwa sauti ya chini, kama anayekiri wizi:
"Hizi zenu zina ladha ya bahasha.
Nawasha, nafika nusu, naisahau dirishani."
Nilijizuia kutabasamu.
Mtafiti hatabasamu; anaharibu takwimu.

Aprili nilipita nyuma ya hoteli.
Vipisi vilikuwa mamia, vya kila mtu, vimelowa,
na kimoja hakikuwa na pete ya dhahabu wala jina.
Sikukiokota. Daftari lilishafungwa.

Baada ya miaka miwili, kikao cha kanuni,
ukumbi wenye zulia linalomeza nyayo.
Lorna alikuwa kitone ukutani,
nadhani cha pili kutoka kulia, chini ya mstari.
Wakili wa kampuni alikunywa maji, akafuta midomo:
"Watu hawa wana akili zao. Waacheni wachague."
Akasema vizuri, kwa heshima hasa,
mtu ambaye hajawahi kufungua
mfuko wa mtu mwingine na kuhesabu.

Uamuzi ukaahirishwa.
Nje, mvua nyembamba, simu ikatetemeka.
Lorna:
"Nne kwa siku. Za dukani, za bei mbaya.
Na Orrin hajanioa."