Baba Kanali

Walipomleta Tosamaganga kupumzika
hakukuwa na gwaride.
Pikapu ya misheni, sanduku la bati la kijani,
buti mbili zimefungwa kamba pamoja
kama kuku wa sokoni.

Askofu Fulgensi Kikoti.
Kambini walimwita Baba Kanali
naye hakukataa.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, Mafinga,
ukungu umelalia misindano mpaka saa nne,
alipopita na ndoo ndogo na tawi la mkaratusi
akinyunyiza safu ya kwanza, ya pili, ya tatu.
Tone likaangukia mtutu wa Oreste, kaka yangu,
likaviringika, likaingia ndani.
Niliona. Naapa niliona.

Wako waliosema: huyu ndiye mchungaji,
analala hemani, anakula maharage yaliyobunguliwa
sahani moja na kondoo wake.
Padre wetu wa parokia siku ile alifunga madirisha
akasali zaburi ambayo hadi leo hajatuambia ni ipi.
Kilabuni ugomvi ulipamba moto,
mtu akammwagia shemeji yake ulanzi usoni,
ulanzi mtamu, wa asubuhi, haujachacha hata.

Oreste alirudi mwezi wa Julai, baridi inauma masikio.
Askofu alikuja kumzika mwenyewe.
Alishika koleo, si kwa kugusa tu,
alifukia mpaka pindo la kanzu likawa jekundu.
Mama akamuuliza, kwa Kihehe, asikie vizuri:
Uliibariki bunduki?
Akajibu: Nilibariki mikono.
Mama akasema:
Mikono ndiyo hii unayoifukia.

Sasa ni mzee. Analima viazi nyuma ya nyumba ya mapadre,
anahesabu matuta kwa sauti ya amri,
kushoto, kulia, kushoto,
na matuta yamenyooka kweli, siwezi kumnyima hilo.
Kila Jumatatu nampelekea maziwa.
Mama hajui.
Au anajua; ndiye anayejaza chupa.

Juzi mkono ulimtetemeka, kizibo kikamshinda.
Nikamfungulia.
Akainua vidole vile anibariki,
nami, kabla sijafikiri,
nikarudi nyuma hatua moja.

Hakuvishusha. Sikusogea.
Maziwa yakapoa katikati yetu,
yakaanza kufanya utando.