Sahihi ya Leelo

Haapsalu, theluji imefika dirishani.
Leelo amemaliza shali, nyepesi mno,
inapita ndani ya pete ya ndoa.
Mnunuzi yuko Osaka;
sarafu zake hazilii zikianguka.

Simu inauliza: ni wewe?
Anaweka kidole. Ufunguo mmoja tu,
posta, kwa daktari, kwenye malipo,
wala hakuna karani aliyelifungia jina lake kabatini.
Ukipotea je? Amegawa vipande vitatu:
dada yake kule Tartu,
jirani Urve,
na kasisi, asiyejua simu yake iko wapi.

Mama yake hasadiki.
Anaigeuza shali, anapapasa pembeni
fundo lililorukwa makusudi,
kosa la ukoo wao.
"Mimi hukujulia hapa."

Malipo yameshaingia.