Themanini na Saba Nukta Tisa

Redio ya Opel hii haitaki kitu kipya.
Ililelewa kwa kanda, na kanda zimekwisha.
Natela akaniletea kidude kutoka Kutaisi:
kichomeke kwenye tundu la kuwashia sigara, baba,
waya wa pili uende kwenye kicheza muziki,
kisha tafuta masafa yasiyo na mwenyewe.

Nikatafuta. Themanini na nane: padri.
Themanini na nane nukta tano: bei ya mahindi.
Themanini na saba nukta tisa: hakuna mtu,
mvumo tu, kama birika kabla halijachemka.
Nikapiga kambi hapo.

Leo theluji imeporomoka juu ya Khaishi.
Magari arobaini, trekta moja.
Dole gumba langu linazungusha gurudumu,
akordioni, ngoma, akordioni tena,
na mbele yangu, ndani ya Niva ya kijani,
kichwa cha mwanamke kinatikisika.

Nikadhani ni baridi.
Nikausimamisha wimbo: kichwa kikatulia.
Nikauachia: kikaanza.

Kumbe kidude kinavuja.
Labda naye alikuwa anamkimbia padri.
Wimbo wangu umeruka mita saba za barafu
ukaingia kwake bila hodi.

Nikaurusha mbele, kumjaribu.
Mkono ukachomoza dirishani, glavu nyekundu,
ukapunga kwa hasira: rudisha!

Nikarudisha.

Njia ilipofunguka sikumpita,
ingawa Niva ile hupanda kama mzee mwenye goti bovu.
Nikamfuata hadi Mestia,
nikizilinda mita zile saba.