Mpira wa Maswali

Mtihani keshokutwa. Mwalimu Chiwanga kaja na mpira wa karatasi,
tabaka juu ya tabaka kama kitunguu.
Anapiga debe, tunarushiana.
Debe likinyamaza, uliyeudaka: menya, soma, jibu.

Sechelela kamenya saba mara nane,
hamsini na sita, kabla hajavuta pumzi.
Mimi nikapata mnyambuliko wa kitenzi,
nikaurusha kama kaa la moto.

Upepo wa Bahi, ule wenye mchanga, ukaugeuza hewani
ukamwangukia Ndahani, asiyesema tangu Januari.
Limebaki swali moja, dogo kama punje ya uwele:
Mto Bubu humwaga wapi?

Nyuma wakacheka. Bubu kaulizwa Bubu.

"Hauendi baharini," akasema.
"Unaishia bwawani hapo. Jana nimenyweshea ng'ombe."

Mwalimu akasahau debe.